Gazeti Kifuani

Gazeti, Rukia. Hilo ndilo jawabu langu na silibadilishi. Uliniuliza leo tunakula, "Baba, baridi ya Ujerumani ntaiweza mie?" nkakwambia tandaza gazeti kifuani, chini ya shati, upepo ukija ugonge karatasi urudi ulikotoka. Ukacheka mpaka ukapaliwa. Mama yako hakucheka. Aliinua sahani yangu, samaki hata sijamgeuza upande wa pili, akenda nayo uani. Ukaniangalia kutaka kujua kuna nini. Nkakufanyia uso wa kima, ukacheka tena, yakapita.

Ndivyo nlivyokulea, kwa uso wa kima. Kila ulipouliza jambo lenye mwiba nlikufanyia uso, na wewe mtoto mwema ukacheka. Kesho unaondoka, na uso huu hauingii kwenye bahasha. Basi acha nikwambie.

Nyie mko chumba cha pili mnakalia sanduku lipate kufunga. Nakusikieni. Mama yako anasema chupa ya mafuta ya nazi itamwagikia shuka, wewe unasema haimwagiki. Itamwagika. Mambo ya shuka, sala, chakula, wanaume, hayo yote yake yeye, mie simo. Mie nakwambia la baskeli na la baridi, maana ndiyo elimu yangu. Ile ya skuli iliishia darasa la nne, mwalimu alinifukuza kwa kumuigiza anavyotembea. Na aliniona kwa sababu nlikuwa namuigiza mbele yake.

Hapa kwetu watu wanadhani baskeli ni ya mwenye haja. Muuza samaki, fundi, tarishi. Mtu mzima wa umri wangu akionekana alfajiri ya kipupwe anakanyaga kwenda Bububu mikono mitupu, huulizwa kafiwa na nani. Mie hujibu, "Sijafiwa bado, nakwenda kutafuta." Hawajui raha yake. Dakika za mwanzo magoti yanalia kama bawaba za mlango wa msikiti, masikio yanauma, pua inatiririka, unajiambia leo ndiyo siku ya kufa. Usikaze mwendo hapo. Kijana hukaza, mzee hungoja. Ukifika Saateni damu inashika moto, tumbo lina joto na masikio yana baridi, na hapo wallahi mtu husahau miaka yake. Majani yote yamelowa umande. Watu wameanza kuanika karafuu kwenye majamvi, harufu inakufuata kama mtu anayekudai salamu. Bahari unaisikia kushoto, hujaiona. Kisha Bububu, kahawa mbili chungu, mikate ya mofa inatoka tanuruni, unanunua, ile unayopeleka nyumbani unaitia ndani ya shati ikukande tumbo njia nzima.

Lakini kuna upepo. Kipupwe ni kusi, na kusi unatoka upande wa mjini. Kwenda unakusukuma mgongoni, unajiona kijana, unapiga na mluzi. Kurudi unao kifuani. Ndipo mzee anapotaka gazeti.

Hayo nlikuwa nikiyafanya na mjomba wako Nasoro.

Wewe unamjua mjomba wa baraza, mwenye bakora na goti lisilokunjika, macho yamemfifia, anakugawia mapera. Mie namjua mwengine. Yule wangu alikuwa akiendesha baskeli kwa kanzu, kanzu kaikunja akaibana kiunoni kwa vibanio vya nguo, mguu huo mwembamba kama fimbo ya mnazi, na bado ananipita mlimani anauliza, "Vipi shemegi, umeshuka kuokota kitu?" Miaka mitano kanizidi, na ananipita.

Na huyo ndiye aliyeniozesha mama yako. Baba yao alikuwa Mwarabu wa shamba, kijishamba chenyewe cha kuhurumia, lakini akikalia kiti kama kakalia kisiwa. Mie babu zangu wametoka bara kwa miguu na mizigo ya watu kichwani. Siku nliyopeleka posa walinikalisha barazani kwenye jua mpaka adhuhuri, hata maji hawakunipa. Mjomba wako akatoka ndani, akakaa na mie juani, akamwambia baba yake kwa sauti ya kusikika nje, "Huyu namtaka mie. Kama hatumpi, basi na mie nakwenda kukaa kwao." Nkaozwa. Tangu siku ile nikawa namshukuru. Iddi namshukuru, ukizaliwa wewe namshukuru, nikinunua mkeka namshukuru. Yeye mwenyewe hakuniambia hata mara moja kwamba ananidai fadhila. Hilo ndilo lililonichosha. Angelisema mara moja ningemjibu na tukalimaliza.

Shika hapo, tutarudi.

Kazi yangu wakati ule unaikumbuka, makaratasi. Mlandege nzima walikuwa wateja wangu, wa njugu, wa bizari, wa dagaa. Natembea nyumba kwa nyumba naokota magazeti ya zamani, mifuko ya saruji, madaftari ya skuli, nakata, napanga, nauza ya kufungia. Yalipokuja Mapinduzi, watu waliokuwa na magazeti ya chama kilichoanguka wakawa wanayachoma na kuyafukia. Mie nkawaambia msijisumbue, nileteeni mie, Bwana Makaratasi. Yakaja kwa magunia! Bure! Nkakaa chini, nachana kila ukurasa wenye picha za wakubwa wale na majina yao, naweka mbali, chini ya kitanda. Kurasa za matangazo ya vitambaa na sabuni nauza. Kwa hivyo nlijua, Rukia. Nlijua ukurasa upi unauzika na upi unamfunga mtu. Zile za kumfunga mtu nlikuwa nazo bunda zima, na sikujua pa kuzipeleka.

Kipupwe cha mwaka wa pili. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja. Siku hizo ukitoka mjini unakuta vizuizi, vijana wamelaza gogo njiani, wanauliza unatoka wapi unakwenda wapi. Sisi tulizoea, wametuzoea. Asubuhi hiyo natoka nyumbani, natia karatasi kwenye mfuko wa kikapu. Yangu ya saruji, ile ya kaki, nzito, hakuna upepo unaopenya. Ya mjomba wako nkachukua kutoka lile bunda la chini ya kitanda. Kurasa nne.

Unataka kujua kwa nini. Kwa mzaha. Nlishautunga kichwani mzima. Tutapita kizuizini, vijana watatupungia mkono, tukifika Malindi hapa mjini nitamwambia, "Shemegi, hebu toa ulichovaa, tusome." Aone kapita mbele ya bunduki na chama kizima kifuani. Nlikuwa nauona uso wake. Nlicheka peke yangu navaa viatu, mama yako akaniuliza nacheka nini. Nlitaka nimuone mara moja tu anaogopa, mbele yangu mie, mie nikiwa ndiye najua na yeye hajui. Sikumtakia mabaya. Nlitaka siku moja isiwe mie wa kushukuru.

Tukafika Bububu, tukanywa kahawa, nkatia mikate yangu. Nkampa kurasa zake nimeshazikunja, picha kwa ndani. Akazitandaza kifuani bila ya kutazama. Akasema, "Allah akulipe, shemegi, wewe unanijali." Neno hilo likanichekesha zaidi.

Pale Mtoni gogo lipo, vijana watatu. Wawili nawajua kwa sura, wa tatu mgeni, kavaa singlendi, baridi imemshika meno yanagongana. Huyo ndiye mwenye bunduki.

"Vizee, shukeni. Mnakwenda wapi na baridi hii?"

"Tunarudi," nkasema. "Kwenda tulishakwenda."

Wale wawili wakacheka. Mgeni hakucheka.

"Mlikwenda kufanya nini?"

"Kupunga upepo, mwanangu," mjomba wako akasema. Kwa upole wake ule.

"Upepo? Watu tumelala njiani tunalinda nchi, nyie mnapunga upepo?" Akamgusa kifua kwa mtutu. Karatasi ikalia. Akagusa tena, ikalia tena. "Kifua chako kinalia nini?"

"Gazeti. La baridi."

"Na wewe?"

Nkafungua shati mwenyewe kabla hajanigusa. Mfuko wa saruji na mikate ya mofa. Wakacheka wote, hata mgeni, mmoja akachukua mkate akauma. "Mzee anajenga nyumba tumboni!" Na mie nkacheka. Nlikuwa nimeshawapata, unajua ninavyojua mtu nimeshampata. Pale pale ningeweza kusema, jamani huyu shemegi wangu, karatasi zangu, mie ndiye Bwana Makaratasi, kosa langu, nipigeni kofi twende zetu. Wangelinipiga kofi. Labda mawili. Babu zangu wa bara walikuwa usoni kwangu, hawana haja ya kuniuliza kabila.

Kanzu ya mjomba wako ikafunguliwa. Picha zikatoka.

Mgeni akamtazama yeye, akanitazama mie. "Huyu nani wako?"

"Nani, huyu?" nkasema. "Tumekutana njiani. Nampigia kengele anipishe, hasikii."

Kicheko kidogo.

"Haya kayatoa wapi?"

"Mie ntajuaje? Labda anayapenda." Na hapo ningelinyamaza. Lakini kicheko kilikuwa kidogo, Rukia, na mie kicheko kidogo hakinitoshi. Nkaongeza: "Mtu akipenda habari zake hivyo, si azile tu!"

Wale wawili wakaangua kicheko. Mgeni hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeletewa zawadi hakuitarajia. Akasema taratibu, "Kweli mzee. Azile."

Wakamkalisha juu ya gogo. Kurasa nne. Mjomba wako alinitazama mara moja, si kwa hasira, kama anahakikisha kuwa ni mie. Kisha akachana kipande, akasema "Bismillahi", akatia mdomoni.

Kila kipande alisema Bismillahi. Mpaka wale wawili wakaacha kucheka, mmoja akageuka kutazama barabara. Mgeni akaniambia, "Wewe nenda." Nkenda. Nkapanda baskeli, nkakaza, na kusi kifuani.

Nyumbani mikate ilikuwa bado ya moto. Uliipokea wewe mlangoni, ukaikata, ukasema, "Baba, leo mikate inanuka jasho." Nkakufanyia uso. Mama yako akauliza, "Kaka yangu yuko wapi?" Nkamwambia kabaki Bububu, kakutana na watu wake. Akakaa kula.

Walimrejesha baada ya siku kumi na moja, na goti lile. Baskeli yake hatukuiona tena. Mama yako akamwendea, akamuuliza, na mjomba wako akamwambia yote: kizuizi, karatasi, na neno langu. Kisha akamwambia, "Mumeo aliogopa, Bi Mdogo. Mtu akiogopa ulimi si wake. Mwachie." Mama yako akarudi, akaniambia, "Kaka kasema nikuachie." Akaniachia. Kwa hivyo gazeti likitajwa huinuka tu na sahani, kama leo.

Sasa ndiyo ninayotaka uyajue, maana hapa nlipo si pale mama yako anapodhani.

Mie sikuogopa. Siku ile nlikuwa mchangamfu kuliko wao wote. Na karatasi mjomba wako anaamini niliokota tu, bahati mbaya ya Mungu. Hajui kuwa niliichagua nyumbani, nimekaa, nimeshiba, navaa viatu, nacheka. Amenisamehe woga. Woga sikuwa nao. Lile nililofanya hakuna aliyenisamehe, kwa sababu hakuna anayelijua, isipokuwa wewe sasa hivi ukisoma.

Na la pili, baya zaidi. Nlidhani raha itaondoka. Nlijiambia, ukipanda tena baskeli alfajiri, moyo utakataa. Nkangoja wiki mbili, nkapanda. Magoti yakalia, masikio yakauma, Saateni damu ikashika moto, nkafurahi. Nkafurahi vile vile! Sikupunguziwa hata punje. Nkafika kwa mjomba wako, Bububu alikohamia, yuko barazani na bakora mpya, nkapiga kengele, akanyanyua bakora kunisalimia, nkapita na mluzi. Miaka yote hii, kila kipupwe, nampita mtu ambaye alikuwa akinipita, napiga kengele, ananyanyua bakora. Watu wanakwambia dhambi humtafuna mtu. Labda wao. Mie nimenenepa.

Nakwambia kwa sababu unafanana na mie. Pua ya mama yako, lakini ulimi wangu. Nimekuona skuli, nimekuona na yule msichana mwenye kigugumizi, ulivyomuigiza chumba kizima kikaanguka kwa kicheko, na yeye akacheka pia kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Nlijivuna siku ile. Huko unakwenda kusomea kuuguza wagonjwa, watakuwa wamelala, wewe umesimama. Watacheka chochote utakachosema. Ukiona kicheko kidogo, kiache kidogo.

Na ukiona kizee cha Kijerumani kinaendesha baskeli kwenye theluji, pua nyekundu, kinatabasamu peke yake, usikifikirie kuwa ni kizee chema. Kinasikia raha, basi.

Haya, biashara. Unanijua, siwezi kumaliza bila ya biashara.

Kesho asubuhi unakwenda Bububu na mama yako kumuaga mjomba, ndege yako alasiri. Barua hii nitakutilia mfuko wa ndani wa koti. Mjomba wako haoni kusoma tena, husomewa. Ukitaka, msomee. Yote, pamoja na la kuvaa viatu nacheka. Mama yako atakuwa amekaa hapo, na yeye atasikia, na sitokupa maneno ya kumtuliza kwa sababu sinayo. Kisha ukirudi kuchukua sanduku, ifungue kengele ya baskeli yangu uende nayo. Usiniambie kitu. Nitakupeleka uwanja wa ndege, nitakufanyia uso wa kima, utapanda. Nikirudi nikaikuta baskeli haina kengele nimeshajua. Nitaisukuma kwa miguu mpaka Bububu, niiegemeze baraza ya mjomba wako, aiuze, aivunje, ampe mtu mwenye magoti. Nitarudi kwa miguu, kusi kifuani, bila ya karatasi. Na sipandi tena mpaka nazikwa.

Usipomsomea, basi karatasi hizi ni zako. Zitandaze kifuani huko ukiwa juu ya baskeli ya watu, maandishi kwa ndani. Nimeandika kwenye mfuko wa saruji uliokatwa, umeona? Upepo haupenyi. Zitakuhifadhi msimu mzima. Na mie huku nitaendelea kupita nikipiga kengele, naye atanyanyua bakora, nami nitafurahi.

Mara hii na wewe unajua ulichovaa. Hiyo ndiyo tofauti pekee niliyoweza kukupa.

Spana iko juu ya dirisha la uani. Namba kumi.